Kansa ya mdomo na koo na dawa inayoamshwa na mwanga: mwongozo kwa familia ya mgonjwa

Mjomba wangu alirudi Lubumbashi mwisho wa mwezi wa nane, wakati baridi ya kiangazi imekwisha na joto limeanza kubana. Ilikuwa siku ya 24 tangu achomwe sindano ya dawa ya mwanga huko Ulaya, anakoishi binti yake. Tulimpokea uwanja wa ndege wa Luano akiwa na kofia pana, miwani myeusi na skafu shingoni, kama alivyoagizwa. Garini tulifunga vioo. Akasikia joto, akakunja shati la mkono wa kushoto hadi juu ya kiwiko, akauegemeza dirishani. Jua la saa nane mchana likampiga kupitia kioo mpaka tukafika Kamalondo. Jioni akaniita: "Mutoto, mukono inaniwaka sawa moto." Kulipokucha, malengelenge mawili yalikuwa yametoka pale pale sindano ilipoingilia.

Mimi ni muuguzi, na nimehudumia wagonjwa wa koo na mdomo kwa miaka mingi. Siku ile nilikaa naye kiti cha nyuma. Nilikagua kofia, nikakagua miwani, mkono sikuutazama. Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya mkono ule, na kwa ajili ya familia zinazouliza kama "leza ya kansa", yaani dawa hii pamoja na mwanga unaoiamsha, inaweza kumsaidia mtu wao. Leza yenyewe huchukua dakika chache. Kazi inayobaki ni ya watu wa nyumbani, na hudumu wiki nyingi.

Jinsi dawa na mwanga vinavyofanya kazi

Usiku, zima taa, washa tochi ya simu na uibane kwenye kiganja. Tochi ni nyeupe, lakini upande wa pili, katikati ya vidole, utaona wekundu tu. Damu na nyama hunyonya rangi nyingine, nyekundu ndiyo inayopenya. Kwa sababu hiyo madaktari hutumia mwanga mwekundu, na kwa sababu hiyo hiyo tiba ina mpaka wake: hata mwanga huo hauendi mbali. Kwa dawa kali kuliko nyingine zinazotumika mdomoni, nyama inayokufa ni kina cha sentimita 1 hivi.

Dawa huingia mwilini kwa mshipa na kusambaa kila mahali, ikiwemo ngozini. Yenyewe, gizani, haiui kitu. Ikipigwa na mwanga wa rangi inayoifaa, huchukua nguvu ya mwanga huo na kuipa oksijeni iliyomo ndani ya nyama. Oksijeni hiyo hugeuka kali kwa muda mfupi sana na kuharibu seli pale pale ilipo. Mishipa midogo inayolisha uvimbe huziba, kisha kinga ya mwili huja kusafisha mabaki. Vinahitajika vitatu pamoja: dawa, mwanga, oksijeni. Kimoja kikikosekana hakuna kinachotokea. Jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1900 mwanafunzi wa udaktari mjini München, Oscar Raab, alichapisha kwamba rangi fulani iliua vijidudu vya majini vikiwa kwenye mwanga, na kwenye giza vikaendelea kuishi.

Hii si radioterapi, yaani tiba ya miale. Mwanga huu hauachi dozi inayojilimbikiza mwilini, kwa hiyo mgonjwa aliyekwisha kupigwa miale anaweza kupewa, na inaweza kurudiwa. Nyuzi za nyama zinazoshikilia umbo la ulimi na kaakaa huharibika kidogo kuliko kwa kisu, hivyo mtu hubaki na sauti yake na uwezo wa kumeza. Kwa mtu ambaye kisu kimeshakula nusu ya ulimi wake, hilo ni jambo kubwa mno.

Hatua ya kwanza: karatasi ya anapati

Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu kionwe na daktari wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo. Vivyo hivyo doa jeupe au jekundu lisilofutika, sauti iliyokwama kwa wiki tatu, maumivu ya kumeza yanayopanda hadi sikioni upande mmoja, na tezi ngumu shingoni isiyouma. Anayevuta sigara na kunywa lutuku asingoje hata hizo wiki tatu. Tumbako na pombe kali kila kimoja ni hatari, na vikiwa pamoja hatari huzidishana. Lakini usimpuuze kijana asiyevuta: virusi vya HPV huleta kansa ya tonsili na ya shina la ulimi kwa watu ambao hawajawahi kushika sigara.

Mjomba alipewa dawa ya fangasi kwa miezi mitatu mahali fulani hapa mjini, bila mtu kukata hata kipande kidogo cha kidonda. Miezi ile mitatu haikurudi. Daktari achukue biopsi na kipande kiende anapati, maabara inayochunguza nyama kwa darubini. Bila karatasi inayotaja aina ya kansa, hakuna daktari wa kweli atakayezungumza nawe juu ya leza. Akitokea mtu anayetaka pesa kwanza kwa "tiba ya mwanga" wakati karatasi haipo, ondoka hapo.

Baada ya anapati inafuata skana ya shingo na kifua. Inaonyesha ukubwa wa uvimbe, kina chake, kama tezi za shingo zimeguswa, na umbali wake na mshipa mkubwa wa damu. Vipimo hivyo vinne ndivyo vinavyoamua mengine yote.

Hatua ya pili: je, tiba hii ni ya mtu wako?

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo matumaini hupotea njia.

Kansa ndogo ya mdomo iliyokutwa mapema huondolewa kwa kisu, na mara nyingi hupona. Kansa ya koo hutibiwa kwa miale, pengine pamoja na kemoterapi, au kwa kisu na miale. Mgonjwa ambaye milango hiyo iko wazi kwake aingie kwanza huko. Kwa sisi wa Lubumbashi, wengi hupita mpaka wa Kasumbalesa na kushuka hadi Lusaka, Zambia, kwenye hospitali ya kansa iliyofunguliwa 2007. Mjomba alianzia huko: alipasuliwa, akapigwa miale, akakaa karibu miaka miwili akiwa mzima. Kisha doa likarudi ubavuni mwa ulimi, dogo kama ukucha wa kidole kidogo.

Mgonjwa wa namna hiyo ndiye ambaye tiba hii inamfaa. Dawa ya temoporfini, inayouzwa kwa jina la Foscan, ilikubaliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2001 kwa wagonjwa wa kansa ya kichwa na shingo iliyosonga mbele, ambao tiba nyingine zimeshindwa na hawafai tena kwa kisu, miale wala kemoterapi. Kibali chenyewe kinasema lengo ni kupunguza mateso. Madaktari wengine wameitumia pia kwa uvimbe mdogo wa mwanzo, na huko matokeo yalikuwa bora zaidi. Katika utafiti uliochapishwa 2004, wagonjwa 114 wenye kansa ndogo za mdomo walipimwa baada ya tiba, na kwa 97 kati yao uvimbe ulitoweka kabisa. Kwa kansa zilizokwisha kukua picha ni nyingine: wagonjwa wanaopata nafuu hawafiki nusu, na wanaofutikiwa kabisa ni wachache.

Tofauti hiyo inatokana na kina. Doa la milimita chache mwanga hulifikia lote. Uvimbe mnene kama yai mwanga huukwangua juu tu, isipokuwa daktari achome sindano zenye nyuzi za kioo ndani yake ili kuumulika kutoka tumboni mwake, kazi inayofanywa na watu wachache. Tezi ya shingo iliyoguswa, na mbegu za kansa zilizofika mapafuni, hazipati chochote. Leza hutibu pale inapomulika, basi.

Wapo ambao hawapaswi kupewa kabisa. Kwanza ni yule ambaye uvimbe wake umeanza kula mshipa mkubwa wa damu, kwa kuwa uvimbe ukifa ukuta wa mshipa unaweza kupasuka na damu isizuilike. Mwenye porfiria, ugonjwa unaoweza kuifanya ngozi isivumilie mwanga, pia hapewi, wala anayetarajia kupasuliwa kwa jambo lingine ndani ya siku 30, wala mwenye ugonjwa wa macho unaohitaji kupimwa kwa taa kali katika siku hizo. Mwanamke asipate mimba kwa miezi 3 baada ya dawa.

Hatua ya tatu: uliza jina la dawa

Watu husema "dawa ya mwanga" kama vile ni moja. Zipo kadhaa, na kila moja ina saa zake na giza lake. Foscan humulikwa siku nne baada ya sindano, kwa mwanga wa nanomita 652 (nanomita ni kipimo kinachotaja rangi ya mwanga). Photofrin ni ya zamani zaidi: Kanada iliikubali 1993 kwa kansa ya kibofu, Marekani 1995 kwa kansa ya umio iliyoziba njia ya chakula. Humulikwa saa 40 hadi 50 baada ya sindano, kwa nanomita 630, na ngozi hubaki hatarini kwa siku 30 au zaidi. Ipo pia asidi ya aminolevuliniki, ambayo mwili wenyewe huigeuza kuwa dawa ya mwanga. Inaweza kupakwa juu ya madoa meupe ya mdomoni, na athari yake hupita ndani ya siku chache, lakini haifiki ndani.

Ya karibuni ni ya Japani, Akalux, iliyokubaliwa Septemba 2020. Ndani yake dawa ya mwanga imefungwa kwenye kingamwili inayotafuta seli za kansa na kuzishika, halafu siku inayofuata daktari humulika kwa nanomita 690. Wazo hilo lilitoka kwenye maabara ya Hisataka Kobayashi huko Marekani.

Andika jina la dawa kwenye daftari, na tarehe na saa ya sindano. Yaliyo hapa chini ni ya Foscan, niliyoiuguza mwenyewe. Mtu wako akipewa nyingine, usichukue siku za mjomba wangu ukampangia yeye. Daima fuata kadi ya hospitali yake.

Hatua ya nne: kabla ya sindano

Toa dawa zote zilizomo nyumbani uziweke mezani. Si zile za kansa tu: hata zile za malaria, za presha, za chango, na vidonge vilivyonunuliwa kwa rejareja kwenye famasi ya kona. Baadhi ya dawa za kawaida kabisa hufanya ngozi iogope jua zenyewe, na zikikutana na dawa ya mwanga huzidisha. Doksisiklini ni mojawapo, na hapa kwetu humezwa kama peremende. Nyingine ni kotrimoksazoli, siprofloksasini, griseofulvini ya mapunye, klopromazini, na dawa za mkojo kama furosemidi na hidroklorotiazidi. Usimwachishe mtu dawa ya presha kwa kichwa chako. Mpelekee daktari orodha, yeye aamue.

Meno mabovu yang'olewe mapema, si baada. Taa ya daktari wa meno ni kali, na kwa wiki kadhaa haitaruhusiwa karibu na uso wake.

Mwombe daktari akupe kadi au barua fupi inayosema: mgonjwa huyu amechomwa dawa hii, tarehe hii, asiwekwe chini ya taa za upasuaji wala taa kali hadi tarehe hii. Iwe kwa Kifaransa, ndicho hospitali zetu zinachoandika. Akishikwa na apendisi usiku wa manane, barua hiyo itazungumza badala yake. Waonyeshe pia kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni. Nacho kina taa nyekundu, na kikiachwa pale pale kwa muda mrefu huunguza. Kihamishiwe kidole kingine kila dakika 10 hadi 15.

Hatua ya tano: sindano, na siku nne za kungoja

Dozi ya Foscan ni miligramu 0.15 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 hupata miligramu 9. Inachomwa polepole, kwa dakika zisizopungua 6, kwenye mshipa mnene wa juu ya mkono, siyo ule mwembamba wa kiganjani. Mgonjwa akisema panauma au panavimba wakati wa kuchoma, wasimamishe. Dawa iliyovuja chini ya ngozi hukaa hapo, na sehemu hiyo lazima ifunikwe kwa miezi 3 angalau.

Tangu dakika ile ya sindano, mwanga wa dirishani si rafiki tena. Kwa saa 24 za kwanza awe ndani ya chumba chenye giza, mapazia yamefungwa, na taa isiyozidi wati 60 za balbu za zamani. Kwa balbu za LED za siku hizi, mwanga huo ni kama wati 8 au 9.

Hatua ya sita: siku ya leza

Saa 96 baada ya sindano anaingia chumba cha leza. Mara nyingi hulazwa usingizi, hasa uvimbe ukiwa nyuma ya mdomo. Wafanyakazi wote huvaa miwani maalumu. Midomo, meno na nyama nzima ya jirani hufunikwa kwa vitambaa vyeusi na shashi yenye maji, kwa sababu nyama nzima nayo ina dawa, na ikimulikwa itakufa vilevile. Daktari huelekeza uzi mwembamba wa kioo wenye lenzi nchani. Humulika uvimbe wote na ukingo wa nusu sentimita kuuzunguka, kwa dozi ya mwanga ya juli 20 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa nguvu ya miliwati 100 kwa kila sentimita hiyo ya mraba, ni sekunde 200, dakika tatu na ushee. Kila eneo humulikwa mara moja tu katika tiba moja. Ikibidi kurudia, ni baada ya wiki 4 au zaidi.

Binti wa mjomba alikaa nje na kikapu cha chakula akijua itachukua siku nzima. Hakumaliza hata chai yake.

Hatua ya saba: kinywa kinachouma

Usidanganywe na ufupi wa leza. Maumivu huja saa hizo hizo au kesho yake, na ni maumivu ya kweli, ya kiwango cha mofini kwa baadhi ya wagonjwa. Dawa ya maumivu itolewe kwa saa, mgonjwa asingoje alie. Niliona wazee wetu wakikaza meno kwa aibu ya kulalamika. Mwambie mzee kwamba hapa kuvumilia humkosesha kula, na asiyekula haponi.

Pia huvimba. Ulimi ukivimba, au shina lake, njia ya hewa hubanwa. Kwa uvimbe wa nyuma daktari anaweza kutoboa tundu la kupumulia shingoni kabla hata ya leza, ili kujikinga. Familia isiogope ikiambiwa hivyo, tundu hufungwa baadaye. Sauti ya kukoroma mtu akiwa macho, mate yasiyomezeka, kushindwa kulala chali, ni mambo ya kuita daktari sasa hivi. Damu mbichi inayotoka kwa wingi, hali kadhalika.

Sehemu iliyomulikwa hugeuka nyeupe-manjano, kisha nyeusi, kisha hubanduka kwa wiki mbili hadi nne. Hunuka. Mkewe mjomba alidhani kansa imeoza na kuzidi, akalia simuni. Ni nyama iliyokufa ikitoka. Asukutue mara nyingi kwa siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo au soda ya mkate, apige mswaki kwa brashi laini, na ukoko usibanduliwe kwa kidole.

Chakula kiwe laini na cha vuguvugu: uji mwepesi wa mahindi wenye siagi ya karanga iliyosagwa sana, maziwa, parachichi, yai bichi lililopikwa ndani ya uji ukichemka, supu ya samaki iliyochujwa. Pilipili, limao na munkoyo uliochacha viwekwe kando mpaka kidonda kifunge. Bukari, yaani ugali, arudie ikiwa imelainishwa kwa mchuzi. Mpime kilo kila wiki. Zikishuka mfululizo, uliza habari ya mpira wa kulishia puani kabla hajaishiwa nguvu.

Hatua ya nane: nyumba na jua

Huko Ulaya jua la majira mengine huomba ruhusa kuingia. Hapa tuko juu, mita 1,200 na zaidi, na kiangazi hakina wingu. Kadi ya hospitali imeandikwa kwa ajili ya jua lingine, kwa hiyo sisi tuwe wakali kuliko kadi.

Hesabu siku kuanzia sindano, si kuanzia leza.

Siku ya 2 hadi ya 7, mrudishe taratibu kwenye mwanga wa kawaida wa ndani. Usimfiche kwenye giza totoro, kosa ninaloliona kwa familia zenye upendo mwingi. Mwanga hafifu wa nyumbani huimaliza dawa ngozini kidogo kidogo bila kuunguza. Akifungiwa gizani wiki mbili, dawa hungoja naye, na siku ya kutoka ataungua kana kwamba amechomwa jana. Televisheni aangalie. Taa ya kusomea iliyo karibu na uso, hapana. Asikae kwenye njia ya jua la dirishani. Kutoka nje ni baada ya magharibi. Ikibidi kutoka mchana, afunikwe mwili mzima kwa nguo nzito zilizofumwa kwa kubana: kofia pana, skafu, miwani yenye kufunika pembeni, mikono mirefu, soksi, glavu. Kitenge chepesi unachoweza kuona mwanga kupitia kwake ni kama hakuna.

Kagua chumba saa sita mchana, si jioni. Kaa sakafuni, tazama juu. Malata ya paa ya zamani yana matundu ya misumari, na kila tundu hudondosha sarafu ya jua kwenye mkeka. Kwa Mjomba nilizihesabu saba. Moja ilitembea polepole kutoka ukutani, ikapita juu ya mto wa kulalia, ikafika mahali shavu lake lingekuwa saa tisa. Tuliziba kwa lami kutoka juu, na kwa gundi ya karatasi kutoka ndani. Mapazia, zile rido zetu, yawe mawili, moja jeusi. Umeme ukikatika, mshumaa au taa ndogo mbali na uso inatosha. Usimtazame mdomoni kwa tochi kali ya simu kila jioni kwa hofu.

Siku ya 8 hadi ya 14 aanze kutoka mchana, kivulini au siku ya mawingu, dakika 10 hadi 15 kwanza. Ngojeni saa 24. Ngozi ikiwa salama, ongezeni.

Tangu siku ya 15 mpime kwa mgongo wa kiganja: juani dakika 5, kisha ngojeni saa 24. Pakiunguzwa, epukeni jua siku nyingine nzima mrudie. Pasipounguzwa, aende dakika 15, kesho yake 30, hivyo hivyo. Kadi husema mtazame wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha. Weka mgongo wa vidole vyako na usikie kama pana joto kuliko jirani, uliza kama panawasha au kuchoma, angalia kama pamevimba na kung'aa. Wala usiamini kwamba weusi humkinga. Malengelenge ya mjomba yalitoka kwenye ngozi nyeusi kama yangu.

Mambo matatu ambayo hata wauguzi wenzangu hukosea. Krimu ya jua haisaidii: imetengenezwa kuzuia miale isiyoonekana, na dawa hii huamshwa na mwanga unaoonekana. Kioo cha dirisha na cha gari hakisaidii kwa sababu hiyo hiyo, kinachoonekana kinapita. Na mkono uliochomwa sindano una sheria yake peke yake, miezi 6 bila kuachwa juani, hata kama uso na miguu vimeshazoea. Hilo la tatu ndilo nililolisahau barabara ya Luano.

Mkwepeshe pia mafundi wa kuchomelea vyuma kandokando ya njia. Uchunguzi wa macho kwa taa kali ungoje siku 30.

Akiungua, mtoe kwenye mwanga mara moja, weka kitambaa chenye maji ya baridi, usitoboe lengelenge, usipake dawa ya meno wala mafuta, piga simu kwa hospitali iliyomtibu. Funika sehemu hiyo kwa kitambaa kinene, kwa kuwa dawa bado imo ndani yake na mwanga wa pili utaongeza jeraha. Mkono wa mjomba ulichukua wiki tatu kufunga.

Hatua ya tisa: kumfuatilia

Kidonda kikisha kufunga, kati ya wiki ya nne na ya nane kwa kawaida, daktari atazame kama pana doa lililobaki. Sehemu yoyote inayotia shaka ikatwe biopsi tena, kwa sababu kovu na kansa hufanana kwa jicho. Baada ya hapo miadi ya kila mwezi au miezi miwili kwa mwaka wa kwanza, kama daktari atakavyopanga, na shingo ipapaswe kila mara. Sigara na lutuku viishe nyumbani humo, hata kwa wageni.

Kwa mjomba, mkewe ndiye aliyechukua kazi ya shingo. Kila Jumapili baada ya misa humkalisha kwenye kigoda, husimama nyuma yake, hupitisha vidole viwili kutoka chini ya sikio hadi mfupa wa bega, kushoto, kisha kulia. Akigusa kitu kama punje ya mahindi, huniita. Mara mbili ameniita. Mara ya kwanza ilikuwa tezi ya mafua. Ya pili tuliipeleka kwa ORL siku iliyofuata, ikachomwa sindano na kupelekwa anapati, ikarudi safi. Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, miezi 6 ya mkono ilitimia. Akakunja shati la kushoto, akakaa barazani.